Kokteili za bia Msasani: uzoefu wangu

Nianze na bei, kwa kuwa ndiyo mtakayouliza kwanza: glasi moja Sh15,000. Ndiyo, bia. Kwa hela hiyo baa za mtaani kwetu unakunywa mpaka unamwagizia na jirani wa meza. Nilifika nimeshanuna, nikakuta kijana wa kaunta anajua anachofanya, ingawa si kwa kila glasi.

Ya kurudia ni michelada, kinywaji cha Wamexico: bia, ndimu, chumvi na pilipili. Yeye kaongeza ukwaju mzito anaouchuja pale pale, na mdomo wa glasi kaupaka chumvi yenye pilipili ya unga. Bia yake ni Kilimanjaro. Nilimwomba aniwekee Safari, akakataa kwa adabu: “Safari nzito kaka, itagombana na ukwaju.” Nikanywa nikamwelewa. Chumvi inapunguza ule uchungu wa bia, ukwaju unatangulia, pilipili inakuja ukishameza. Agiza na mishkaki, usiniulize zaidi.

Kilichonifurahisha ni kwamba bia haiingii kabisa kwenye kopo la kutikisia. Anatikisa vile vingine na barafu, anachuja, halafu bia inamiminwa mwishoni, taratibu, glasi ikiwa imeinamishwa. Kuna sehemu (sizitaji) unaletewa bia imeshapoteza gesi, barafu imejaa, ukifika nusu unakunywa maji. Huyu glasi anaitoa kwenye friji na barafu haiweki.

Bia na Stoney ni tamu, tena inafaa mchana wa joto, tangawizi inasikika vizuri. Ila Waingereza wamechanganya bia na soda ya tangawizi tangu karne ya 19, na mimi nyumbani nina chupa zote mbili. Kwa Sh15,000? Hapana.

Sasa ile ya Guinness, Konyagi na pasheni. Guinness yetu ya chupa ina nguvu kuliko ile ya pipa wanayokunywa Ireland, Konyagi ni asilimia 35, halafu sukari ya pasheni inavificha vyote viwili. Ladha yake kama dawa ya kikohozi, na bado inashuka bila kukwaruza koo, ambapo ndipo hatari ilipo. Nilimwambia. Akaionja, akakunja uso, akaimwaga na hela hakuchukua. Eti bado anaijaribu. Sawa mdogo wangu, lakini basi ingekaa nje ya menyu kwanza.

Nendeni katikati ya wiki, mkae kaunta mumwone akifanya kazi na mumuulize maswali, anapenda kueleza. Ijumaa muziki ni wa kupasua masikio na wanaomimina ni wasaidizi wake. Michelada waliyonipa haikuwa na chumvi hata chembe. Malipo ya simu wanapokea. Gari acheni nyumbani.