Nimechati na Bibi Titi, Mwalimu na Profesa Wangari: uzoefu wangu

Nafundisha Historia sekondari, na mwaka huu nimekuwa nikitumia programu ya simu inayokuwezesha kuchati, au kuongea kwa sauti, na watu mashuhuri waliokwisha kututoka. Unachagua jina, unauliza, na akili mnemba inajibu kana kwamba ndiye mwenyewe. Jina la programu silitaji. Nawaandikia walimu wenzangu na wazazi wanaowaza kulipia kitu cha namna hii.

Nianze na salamu. Nilimwandikia Bibi Titi Mohamed: "Shikamoo Bibi." Jibu likaja: "Habari! Nimefurahi kukutana nawe. Ungependa tuzungumzie nini leo?" Mtoto wa mjini Dar es Salaam, mzaliwa wa 1926, aliyekuwa akiongoza ngoma kabla hajaongoza siasa, ndiye ashindwe kuitikia marahaba? Kidato cha Tatu wakacheka mpaka mwalimu wa darasa jirani akachungulia dirishani.

Kwa yale ya kwenye muhtasari wa somo, haina shida. Ilieleza vizuri jinsi alivyopewa kazi ya kuwaongoza wanawake wa TANU, chama kilichopigania uhuru, mwaka 1955, na jinsi alivyowafuata kupitia vikundi vya ngoma, kwa sababu huko ndiko wanawake wa mjini walikokuwa tayari wamejipanga, wana viongozi wao na wana michango yao. Wanafunzi walipenda hapo. Walizoea kusoma kwamba uhuru uliletwa na wanaume waliovaa suti na kwenda Umoja wa Mataifa.

Kisha binti mmoja wa nyuma kabisa akauliza swali ambalo ningetamani ningeliuliza mimi: "Bibi, ulipofungwa na serikali uliyoisaidia kuingia madarakani, ulimwona vipi Mwalimu Nyerere?" Programu ikajibu aya tatu za umoja, amani na mshikamano. Jela haikutajwa hata kidogo. Nikaandika tena swali lilelile kwa maneno mengine, nikapewa umoja na mshikamano kwa mpangilio tofauti.

Ukweli ni kwamba Bibi Titi aliachana na uongozi mwaka 1967, asikubaliane na masharti ya Azimio la Arusha yaliyokataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha. Mwaka 1969 akakamatwa, akashtakiwa kwa uhaini pamoja na wenzake, akahukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 1972 akaachiwa kwa msamaha wa Rais. Leo barabara kubwa katikati ya Dar es Salaam ina jina lake. Kati ya hukumu ile na kibao kile cha barabara kuna somo zima la historia ya nchi yetu, na programu ililiruka kama lilivyo. Hilo ndilo lalamiko langu kubwa: watu hawa wote wamegeuzwa kuwa wazee wapole wasio na adui, wasiogombana, wasiokosea.

Kwa Mwalimu Nyerere ndipo nilipochoka kabisa. Nilimuuliza kama kuna jambo angelifanya tofauti. Akatetea kila kitu, kuanzia vijiji hadi viwanda, kwa ufasaha wa afisa habari. Sasa, Mwalimu wa kweli hakuwa hivyo! Katika mahojiano ya mwaka 1984, akiwa bado Ikulu, alisema wazi kuwa kama angeanza upya asingefuta serikali za mitaa wala asingevunja vyama vya ushirika, mambo yaliyofanyika 1972 na 1976. Rais aliye madarakani anataja makosa yake kwa majina. Programu iliyotengenezwa ili kumtukuza imempokonya jambo ambalo wengi wetu tunamheshimu kwalo.

Na sauti yake, jamani. Watanzania tunaijua sauti ya Mwalimu. Kila ifikapo Oktoba 14 redio zinatusikilizisha hotuba zake, pamoja na kile kicheko chake katikati ya sentensi. Hii ya kwenye simu inasoma Kiswahili kama tangazo la mkopo wa benki. Niliizima, nikabaki na maandishi.

Kuhusu Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, sina mengi ya kusema. Nilimwomba anitungie ubeti mmoja, nikapata mistari minne isiyo na vina wala mizani. Mwanamke wa Fumba aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa Kiswahili! Nikafunga.

Aliyeninusuru ni Profesa Wangari Maathai, yule mwanamazingira wa Kenya. Nilimuuliza habari za Uhuru Park, akaeleza kwa mpangilio: mwaka 1989, mpango wa jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ile ya Nairobi, barua alizoandika kwa wakubwa na kwa wafadhili wa nje, wabunge waliowabeza yeye na wenzake kwamba ni kundi la wanawake walioachika, na hatimaye wafadhili kujitoa. Nikamchokoza kuhusu jina lake. Akasimulia kwamba baada ya talaka mumewe alimtaka aache kutumia jina la ukoo la huyo mume, yeye akaongeza "a" moja, Mathai likawa Maathai. Hapo kidogo nilimsikia mtu. Nadhani sababu ni kwamba Profesa aliandika maisha yake mwenyewe, akaweka na uchungu wake, kwa hiyo mashine ilikuwa na cha kushika. Bibi Titi hakuacha kitabu. Mengi yake yamo katika masimulizi aliyowapa watafiti na katika vichwa vya wazee.

Hata kwa Wangari kuwa macho. Mwanafunzi wangu alinukuu kwenye insha maneno mazuri sana kuhusu miti na subira, akayawekea alama za kunukuu na jina la Profesa chini yake. Tuliyatafuta maktaba na mtandaoni, hayapo popote. Programu iliyatunga. Tangu siku hiyo darasani kwangu ni marufuku kunukuu chochote kilichotoka humo.

Kwa mnaotaka kuijaribu, kuna njia inayosaidia. Usianze kwa kuuliza. Bandika kwanza kipande cha chanzo unachokiamini, kisha mpe mhusika mwaka na mahali: "Ni mwaka 1972, Bibi, umetoka gerezani wiki hii." Nilipofanya hivyo yule binti alipata jibu lenye uzito kidogo, na darasa likagawanyika pande mbili, wengine wakisema masharti ya 1967 yalikuwa ya haki kwa kiongozi, wengine wakisema mwanamke ambaye hana pensheni ana haki ya kuwa na nyumba ya kupangisha. Kengele ikalia hawajamaliza. Nikawapa kazi ya nyumbani wakamuulize bibi au babu yeyote mtaani aliyekuwa mtu mzima wakati ule, na baadhi ya majibu waliyorudi nayo yalikuwa matamu kuliko yote ya kwenye simu.

Malipo ni kwa kadi ya benki tu, kwa mwezi, na inajilipia yenyewe usipoikatisha. Kwa mwalimu anayepokea na kutuma kila kitu kwa simu, hilo ni usumbufu. Bando pia inalila ukitumia sauti. Maandishi yana nafuu.

Nimeipa nyota mbili kati ya tano. Wakiruhusu M-Pesa na wakaweka kitufe cha kuonyesha kila jibu limetoka chanzo gani, nitaongeza ya tatu. Ya nne ni siku Bibi Titi atakapoitikia shikamoo.