Kajal na surma: ipi ipakwe, ipi iachwe dukani

Karibuni watazamaji. Hapa mezani kuna wanja wa Kihindi wa aina tatu: kajal ya kopo, kajal ya kalamu ya kuzungusha, na surma, huu unga wa kijivu unaokuja na kijiti chake. Dukani zote utaambiwa ni wanja tu, kumbe hazifanani hata kidogo.

Nianze na surma kwa sababu ndiyo inayonitia hofu. Surma ni jiwe lililosagwa. Wengi huambiwa ni antimoni, lakini jiwe linalosagwa mara nyingi ni galena, yaani salfidi ya risasi (ile metali nzito yenye sumu, si risasi ya bunduki), na galena safi ina risasi asilimia 86 hivi ya uzito wake. Tazameni nikiinamisha kichupa kwenye mwanga: unga unametameta kama chuma, na kichupa ni kizito kuliko ukubwa wake. Masizi, yale yanayotengeneza kajal, hayako hivyo. Ila msije mkaona unga usiometa mkadhani ni salama, maana kuna michanganyiko. Jibu la uhakika hutoka maabara.

Risasi hiyo haibaki jichoni. Machozi huiteremsha puani hadi kooni, na mtoto akifikicha macho kisha akalamba vidole, ameimeza. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na kwa mtoto kinachoharibika ni ubongo. Kanuni za vipodozi za India za mwaka 2020 zinakataza kutumia misombo ya risasi kutia rangi. Kwa hiyo neno "asilia" kwenye kichupa lisikushawishi. Surma isiyo na cheti cha maabara, iache dukani.

Kajal ya kopo ni masizi na mafuta. Kule India hutengenezwa hata nyumbani: unasokota utambi wa pamba tupu, unauchovya kwenye samli au mafuta ya nyonyo, unauwasha kwenye taa ya udongo. Juu yake unafunika sahani ya shaba iliyoegeshwa pembeni, ncha ya moto ikaribie kuigusa. Ukiishusha mno, moto unakosa hewa na kuzima. Ukiiinua mno, masizi yanapeperuka. Baada ya saa kadhaa unakwangua na kukoroga na samli tone moja moja. Hapo ndipo wengi wanapokosea: mafuta yakizidi, wanja unatiririka shavuni kabla ya adhuhuri. Wengine hutia kafuri ili jicho "lipoe". Ule mchomo unaotoa machozi ni jicho linalojitetea, wala hausafishi chochote. Kafuri ni sumu kwa watoto.

Kopo lina udhaifu mwingine: kidole huingia kila siku, na vijidudu huingia nacho. Ndiyo maana mimi nachagua kalamu. Kwenye orodha ya viambato tafuteni namba ya rangi CI 77266, ambayo ni masizi ya kiwandani, au CI 77499, oksidi nyeusi ya chuma. Bidhaa isiyo na orodha, wala jina la mtengenezaji, wala tarehe, msinunue.

Sasa mahali pa kupaka. Kwenye ukingo wa kope, nyuma tu ya nywele za kope, kuna matundu madogo ya tezi zinazotoa mafuta yanayozuia machozi yasikauke. Ukipaka wanja wa nta pale ndani penye unyevu, unaziba matundu hayo na chembe zinaelea kwenye machozi. Jicho linakuwa kavu, linawasha, chokea (vijipu vya kope) zinatokea. Pakeni nje ya mstari wa nywele za kope. Usiku futeni kwa pamba yenye kiondoa vipodozi, jicho likiwa limefumbwa, kisha wekeni kitambaa cha maji ya uvuguvugu dakika 5 hadi 10.

Mama mwenye mtoto mchanga, najua ile desturi ya doa jeusi la kuzuia kijicho. Wanja haukuzi macho ya mtoto wala hauongezi nuru yake, na hata doa la kwenye paji linafutika kwa mkono na kuishia mdomoni. Msimpake.

Kalamu itupeni baada ya miezi 3 hadi 6, au mara moja jicho likiwa jekundu na lenye tongo. Msiazimane. Wenye lenzi za machoni, vaeni lenzi kwanza ndipo mpake wanja.