Kazi ya kulipwa kwa saa kwenye jumba la sinema: nyota 2 kati ya 5

Nimefanya hapa mwaka mmoja na miezi mitatu, kaunta ya vitafunio, mlangoni kukagua tiketi na kusafisha kumbi, na naandika hii kwa mtu ambaye kaona tangazo akawaza si bora nipate hela huku naangalia filamu bure. Filamu huangalii. Unachoona ni dakika kumi za mwisho, filamu ileile mara thelathini, umesimama mlangoni na fagio na kizoleo unasubiri majina yaanze kupanda uingie.

Tuanze na masaa maana hapo ndo penye maumivu. Ukiambiwa unalipwa kwa saa unapiga hesabu ya masaa nane kwa siku tano, unapanga kodi, unapanga nauli, kumbe ratiba ya kazi inafuata ratiba ya filamu, na filamu zinapangwa upya kila wiki kwa kuangalia wikiendi imeuza vipi, kwa hiyo unajua zamu zako siku mbili au tatu kabla. Wiki filamu kubwa inatoka unapewa masaa 50, wiki ya tatu watu wamepungua unapewa 12. Na hizo 12 nazo si zako mpaka uzimalize. Unafika, umevaa sare, umesimama saa mbili, meneja anaangalia kwenye kompyuta anaona tiketi hazijauzwa anakuja anasema "leo unaweza kwenda." Huna la kujibu hapo. Saa mbili zile zinaishia kwenye nauli ya kuja na kurudi.

Halafu kufunga na kufungua. Shoo ya mwisho inaanza saa nne usiku, weka matrela, weka filamu ya saa mbili na nusu, watu wanatoka saa saba, mnasafisha, unafika kwako saa tisa, na ratiba inasema saa tatu asubuhi uwe kaunta. Nimelala masaa manne nikaja kusimama masaa tisa, kiti hakuna, hata mteja asipokuwepo hukai.

Ovataimu msiitegemee kabla hamjauliza. Watu wengi hawajui kwamba Marekani kwenyewe, ile sheria ya taifa ya kazi ya mwaka 1938 mpaka leo ina kipengele kinachowatoa wafanyakazi wa majumba ya sinema kwenye malipo ya ovataimu, yaani ukipitisha masaa 40 kwa wiki sheria hiyo haimlazimishi mwajiri kukuongezea, labda sheria ya jimbo ikulinde. Niliposoma hilo niliumia kweli, maana nilidhani ni sisi tu tuliosahaulika.

Kaunta sasa. Mteja anakufokea bei ya bisi kama umeipanga wewe. Naelewa hasira yake, lakini sehemu kubwa ya hela ya tiketi inaenda kwa wenye filamu, hasa wiki za mwanzo, jumba linaishi kwa bisi na soda, na ndo maana unalazimishwa kumuuliza kila mtu "nikuongezee iwe kubwa?" hata yule uliyemwona anahesabu sarafu mkononi. Hilo swali lilinichosha roho kuliko kusimama. Na vikombe vinahesabiwa, soda yenyewe haihesabiwi, kikombe kikipotea ni kama umeuza ukaweka hela mfukoni. Dada mmoja tuliyefanya naye alipewa barua ya onyo kwa vikombe vitatu, na vilikuwa vimepasuka, sema alivitupa badala ya kuvitunza vihesabiwe.

Mashine ya bisi nayo ina mambo yake. Mahindi yanapasuka kwenye joto la kama nyuzi 180, na sisi tunatumia mafuta ya nazi ambayo yakipoa chini ya nyuzi 24 yanaganda kama nta, kwa hiyo ukisubiri ipoe ndo uisafishe utasugua mpaka asubuhi, unaisafisha ikiwa bado ya moto. Nina alama mbili kwenye mkono wa kulia, juu kidogo ya kiganja, na karibu kila aliyefanya kaunta anazo palepale. Glavu tulizopewa zinaishia kwenye kifundo.

Siku iliyonivunja moyo kabisa ni ya filamu moja mpya, ukumbi umejaa. Zamani kulikuwa na mtu wa projekta juu kule anashughulika na mikanda, siku hizi filamu inakuja kwenye hadi diski imefungwa kwa ufunguo wa kidijitali unaofungua tarehe na saa zilizowekwa tu, ufunguo ukikosewa hakuna mtu ndani ya jengo anayeweza kuifungua. Usiku ule ulikosewa. Meneja yuko kwenye simu na wasambazaji, mlangoni nipo mimi, na mlango wa chumba cha projekta sijawahi hata kuuingia. Dakika arobaini natukanwa. Baba mmoja alikuwa na binti yake kalala begani, akaniambia taratibu tu, "tumetoka mbali," na hilo liliniuma kuliko matusi yote.

Nyota mbili nimezitoa kwa wenzangu. Jumamosi ya filamu za watoto, dakika 15 kati ya shoo na shoo, soda imemwagika imeganda chini, bisi mpaka kwenye mikunjo ya viti, na badala ya watu wanne mpo wawili, mtu aliyemaliza zamu yake anavua koti anachukua fagio bila kuombwa. Tiketi za bure zipo kweli ila filamu mpya haziruhusiwi wiki za mwanzo.

Kitu cha mwisho, na mtakaoanza naomba mkisikie: nunueni daftari. Hapa usiku unaambiwa saini kutoka ukumbi wa mwisho ukiisha, halafu unapiga deki lango la mbele na kusubiri meneja ahesabu hela maana hamruhusiwi kutoka mmojammoja, dakika ishirini, siku nyingine thelathini na tano, hazilipwi. Niliandika kila usiku kwa miezi mitatu, tarehe, saa niliyosaini, saa nilipotoka mlangoni. Jumla masaa 19 na nusu. Nilimpelekea meneja nakala mkononi, akaipokea vizuri, akasema ataifikisha juu. Hii ni wiki ya tano, na jana usiku nimeandika dakika 25 nyingine.