Mkanda, mifuko ya jaketi au mtungi: nilivyogawa uzito wangu wa kuzamia

Siku hizi nashuka baharini na kilo 8 za madini ya risasi, uzito unaonisaidia kuzama, nikiwa na suti ya mpira yenye unene wa milimita 5 na mtungi wa hewa wa alumini wa lita 11. Kilo 4 ziko kiunoni kwenye mkanda, 2 kwenye mifuko ya jaketi la kuzamia, lile linalojazwa hewa ili likuinue, moja kila upande, na 2 nimezifunga nyuma kwenye utepe unaoushika mtungi. Nimefikia mpango huu baada ya kutumia kila njia peke yake, na kila njia ilinifundisha jambo ambalo mwalimu alikwishanitajia, ila sikulielewa mpaka liliponikuta.

Nilianza na mkanda, kama wengi wetu. Ni utepe wa nailoni wenye upana wa sentimita 5, bizimu mbele, na vipande vya risasi vilivyopitishwa kama shanga. Wakati ule nilibeba kilo 10 na zote zilikaa hapo. Ukiufunga ukiwa kwenye boti unahisi umebana sawasawa. Shida inaanza ukishuka. Mpira wa suti umejaa vipovu vya gesi, na ukifika mita 10 tu kanieneo imekuwa mara mbili ya ile ya juu, kwa hiyo vipovu vinasinyaa na suti inakonda. Kiuno kinapungua, mkanda unabaki na urefu uleule. Siku moja nikiwa mita 18 nilipapasa tumboni nisiione bizimu. Ilikuwa imezunguka hadi mgongoni. Kitu ninachotakiwa kukifungua kwa mkono wa kulia bila kukitazama, tena katika dakika ambayo huenda hewa imeniishia, kilikuwa mahali ambapo mkono wangu haufiki. Nililala kifudifudi juu ya maji matupu, uzito ukategemea mgongo, nikaurudisha mkanda taratibu na kuukaza. Mwenzangu alikuwa ameshanikaribia.

Lakini kilichonichosha zaidi na mkanda ule si kuzunguka, ni maumivu ya kiuno. Jaketi linakuinua kifuani, risasi inakuvuta kiunoni, miguu inazama, na wewe unapinda mgongo muda wote ili ukae mlalo. Nikitazama nyuma naona vumbi la mchanga nililotimua kwa mapezi. Kwa kweli liliniumiza moyo, maana chini kuna viumbe wanaofunikwa na mchanga ule.

Nikahamia kwenye jaketi lenye mifuko ya uzito, nikapakia zote humo, 5 kila upande. Kwa starehe ya mwili, hakuna kinachoshinda hii: kiuno huru, hakuna kinachoteleza. Ila jaketi na mtungi vikiwa pamoja vinakuwa mzigo mzito mno kumpandishia mtu kwenye boti, kwa hiyo jizoeze kuchomoa mifuko na kuitoa kwanza. Na kuna jambo ambalo wanaouza hawalisemi sana: ukilazimika kuvua jaketi ndani ya maji, kwa mfano kunasua wavu wa uvuvi ulioshika mtungi, jaketi linakwenda chini na risasi yote huku suti inakupeleka wewe juu. Nimelifanyia mazoezi jambo hili kwenye maji mafupi na sikulipenda hata kidogo.

Kisha mfuko mmoja ukadondoka. Ulikuwa unashikwa na velkro peke yake, na velkro ile ilikuwa imejaa mchanga na nyuzi. Nilikuwa mita 12. Nilihisi upande wa kushoto umekuwa mwepesi, mwili ukainama kulia, na nikaanza kupanda. Nilitoa hewa yote ya jaketi na haikutosha. Bahati kamba ya nanga ilikuwa karibu, nikaing'ang'ania na kuendelea kupumua, nisithubutu kuzuia pumzi, maana hewa iliyofungiwa kifuani hutanuka ukipanda na inaweza kupasua mapafu. Kilo 5 kuondoka kwa mara moja ni nyingi mno. Tangu siku hiyo sipakii mfukoni uzito ambao nikiupoteza siwezi kuudhibiti, na nimechagua mifuko inayojifunga kwa kibano cha plastiki.

Kuhusu kufunga risasi kwenye mtungi: ni njia ya kukuweka mlalo, basi. Uzito ukisogea karibu na mabega, miguu inainuka yenyewe. Kilo 2 zilinitosha. Nilipojaribu 4 nilikuwa navutwa chali kila ninapotulia. Zaidi ya hapo, huwezi kuitupa kwa haraka, kwa hiyo isiwe ndiyo sehemu kubwa ya uzito wako.

Kilo 10 zimekuwaje 8? Nilifanya kipimo ambacho nilipaswa kukifanya tangu mwanzo. Mwisho wa kuzamia, mtungi ukiwa na baa 50 (baa ni kipimo cha kanieneo), jaketi bila hewa, nilivuta pumzi ya kawaida na kutulia wima. Maji yanapaswa kufika usawa wa macho, na ukitoa pumzi uzame polepole. Mimi nilizama kabla hata sijatoa pumzi. Nikapunguza moja, kisha nyingine. Fanya kipimo hiki mtungi ukikaribia kuisha, kwa sababu mtungi kama wangu ukishuka kutoka baa 200 hadi 50 unapoteza hewa yenye uzito wa kilo 2 hivi. Ukipima mtungi ukiwa umejaa bila kuongeza uzito huo, mwisho wa kuzamia utashindwa kukaa mita 5 kwa dakika 3 za mapumziko ya usalama kabla ya kupanda juu. Ukibadilisha suti, mtungi, au ukihama kutoka bahari hadi ziwa, pima upya. Maji baridi ya ziwa yasiyo na chumvi yanahitaji risasi pungufu.

Mkanda wangu wa sasa ni wa mpira. Unavutika, nao unajikaza suti inapokonda, na sijauona ukizunguka tena. Nimeweka vizuizi pande zote za risasi, na ncha inayobaki baada ya bizimu haizidi shubiri. Kama jaketi lako lina utepe unaopita katikati ya miguu, mkanda uvaliwe juu ya utepe huo, la sivyo ukiufungua utanasa hapohapo. Na ukiutupa, unyooshe mkono kwanza, uuachie mbali na mwili.

Kabla ya kuruka majini namwonyesha mwenzangu bizimu na vishikio vya mifuko yote miwili. Simwambii tu vilipo. Namwomba aviguse kwa mkono wake, nami navigusa vya kwake.