Bampa la chuma la Hilux: lipi ununue, lipi uliache dukani

Ukifika dukani usianze na sura ya bampa. Lipindue uone mgongo wake. Kazi kubwa inafanywa na mikono miwili inayofungwa kwenye ncha za chesisi, na hapo ndipo bampa zuri na bovu hutengana. Mikono inayoifaa Hilux ni ya bati la milimita 5 au 6, yenye matundu marefu ya kurekebishia na mikunjo iliyowekwa makusudi ili ibonyee gari likigonga kitu kizito. Mikono mibaya ni vipande vya chuma vya umbo la L vilivyochomelewa harakaharaka. Muuzaji atakusifia kwamba havipindi. Hilo ndilo tatizo lenyewe: kompyuta ya mifuko ya hewa husoma jinsi gari linavyopoteza mwendo kwa ghafla, na pasipo sehemu ya kubonyea mifuko inaweza kufyatuka kwa mgongano mdogo, au nguvu yote ikaishia kwenye chesisi. Bampa hubadilishwa kwa siku moja. Chesisi iliyopinda ni habari nyingine.

Jambo la pili ni uzito, na wengi hulihesabu vibaya. Chukua bampa la kilo 60 na winchi (mashine ya kamba ya kulivuta gari likikwama) ya kilo 30. Kilo hizo 90 zinakaa karibu sentimita 90 mbele ya ekseli, na ekseli mbili za Hilux zimeachana milimita 3,085. Kwa hiyo ekseli ya mbele haiongezewi kilo 90, bali takriban 116, kwa sababu uzito unaoning'inia mbele unainua nyuma kwa kama kilo 26. Hata ukitoa bampa la zamani, unabaki na kama kilo 100 za ziada kwenye springi zilizotengenezwa kwa uzito wa awali. Pua inashuka, taa zinaangalia chini, wizani (mpangilio wa magurudumu) inaharibika na tairi zinaanza kuliwa upande mmoja. Weka springi za mbele kwenye bajeti tangu mwanzo, za daraja la kubeba kilo 50 hadi 110 za ziada, pamoja na shokapu zinazoendana nazo. Usinyanyue gari zaidi ya milimita 40 au 50, la sivyo shafti za mbele zinazozungusha magurudumu zinafanya kazi kwa pembe kali na buti zake za mpira zinachanika mapema. Ukimaliza, lipeleke gari likapimwe wizani na taa.

Sasa mpangilio, kwa mtu mwenye Hilux ya Vigo au Revo (majina ya vizazi viwili vya Hilux) anayetembea mikoani.

Nafasi ya kwanza ni bampa kamili la chuma lililotengenezwa kwa modeli yako hasa, lenye kitako cha winchi na maelezo ya maandishi kwamba linaendana na mifuko ya hewa. ARB, TJM na Ironman 4x4, zote za Australia, wako kundi hili. Ni ghali, na usafiri na ushuru huongeza bei, lakini unalipia mikono, matundu yanayolingana, soketi za indiketa na rangi ya unga iliyochomwa kwenye tanuri. Kwa anayepita Mikumi usiku, au barabara ya Mombasa eneo la Tsavo, au Isiolo kwenda Marsabit wanakovuka ngamia, mabomba ya juu yana maana: mnyama mrefu hugongwa miguu, kisha mwili wake unakuja juu ya boneti. Toa namba ya chesisi unapoagiza. Usiseme tu "Hilux ya 2019". Sura ya Revo ilibadilishwa mwaka 2020, na bampa la kabla yake halikai vizuri kwenye gari la baadaye hata fundi akilibembeleza vipi.

Ya pili ni bampa la aina hiyohiyo lisilo na mabomba ya juu. Linapunguza kilo kadhaa na halizuii mwanga wa taa. Kwa anayeishi mjini na kwenda shamba mara chache, hili linatosha: mbuzi, mbwa na bodaboda iliyosimama ghafla vyote viko chini ya usawa wa boneti. Wengi wanaonunua lenye mabomba wangefaa hili.

Ya tatu ni bampa la fundi wa hapa, na hapa panahitaji maneno zaidi, maana linaweza kuwa bora kuliko yote au baya kuliko yote. Kama gari ni Land Cruiser ya 75 au 79 isiyo na mifuko ya hewa, yenye ekseli nzima mbele, fundi mzuri wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa jua kali Nairobi anaweza kukupa kitu kitakachodumu, na kikipinda kinanyooshwa hukohuko. Kwa gari kama hilo lipandishe hadi nafasi ya kwanza bila wasiwasi. Kwa Revo lishushe hadi chini. Masharti ya kumpa fundi: mabomba meusi ya kipenyo cha milimita 48 hadi 60, unene usiopungua 2.6, bati la mabawa milimita 3, kitako cha winchi na mikono milimita 6. Kataa bomba la maji lililopakwa zinki. Linapochomelewa linatoa moshi wenye sumu, na rangi haishiki juu yake bila maandalizi maalum, hivyo baada ya masika moja linaanza kubanduka. Nenda na kipimo cha unene, ukague ncha ya bomba kabla halijazibwa. Muhimu kuliko yote, mikono ifungwe kwa bolti kwenye matundu ya kiwandani. Fundi akitaka kuchomelea bampa kwenye chesisi, chukua gari uondoke. Joto la kuchomelea hudhoofisha chuma pembeni ya mshono, na mkondo wa umeme ukipita gari likiwa na betri iliyounganishwa unaweza kuua kompyuta ya injini.

Ya nne ni alumini. Ni jepesi, halipati kutu, na kwa uzito tu lingestahili nafasi ya juu. Lakini barabara za vumbi zenye rasta hulichosha: mtikisiko wa muda mrefu huleta nyufa karibu na mishono, na kuichomelea alumini kunahitaji mashine ya gesi ya agoni na mkono uliozoea, vitu ambavyo huvipati kila wilaya. Linamfaa mtu wa lami.

Chini kabisa ni ngao ya bomba moja inayong'aa inayofungwa juu ya bampa la plastiki, pamoja na bampa la mtumba la modeli nyingine "linaloingia kwa kutoboa kidogo". Ngao ni pambo. Inunue kama pambo. Bampa la kutoboa usilinunue.

Kabla ya kulipa, kagua pia njia ya hewa. Hilux nyingi za dizeli za Vigo na Revo zina kipoza hewa ya turbo juu ya injini, chini ya tundu la boneti, kwa hiyo bampa haliisumbui sana isipokuwa rejeta. Ford Ranger kipoza chake kiko mbele, na bampa lililozibwa na bati pana pamoja na winchi huongeza joto kwenye mlima mrefu ukiwa na mzigo. Na kama gari lako lina rada au sensa za kuegesha mbele, bampa liwe na nafasi zake; ukiziba rada, breki ya kujiendesha hujizima au kupiga kelele bila sababu.

Kuhusu winchi, zidisha uzito wa juu unaoruhusiwa wa gari kwa 1.5. Hilux ya dabo kebini ni karibu kilo 2,900, kwa hiyo winchi ya ratili 9,500, yaani kama kilo 4,300, inatosha. Land Cruiser 79 ichukue ya ratili 12,000. Kamba ya sintetiki ni nyepesi kuliko ya chuma na ikikatika hairuki kwa nguvu ileile, ila jua na mchanga huila. Winchi ikivuta kwa nguvu zote hula hata ampea 400, hivyo nyaya zake ziwe za milimita mraba 35 au zaidi, na kuwe na swichi ya kukata umeme karibu na betri. Zile pete ndogo chini ya gari ni za kulifungia kwenye meli. Ukivutia gari kwa hizo zinang'oka na kuruka kama risasi, kwa hiyo dai ndoano zilizofungwa kwenye mikono ya chesisi.

Kufunga ni kazi ya watu watatu, nusu siku. Toa kichwa hasi cha betri na usubiri dakika kadhaa kabla ya kugusa chochote mbele. Ondoa shoo, klipu za madigadi, plagi za taa, ganda la plastiki, halafu boriti ya chuma ya ndani. Kwenye mabampa mengi winchi huingizwa kabla bampa halijapanda gari. Wanaosahau hilo hurudi mwanzo. Funga mikono, pandisha bampa kwa jeki juu ya ubao, ingiza bolti zote kwa vidole tu. Ndipo upime nafasi kati ya bampa na madigadi: acha milimita 15 pande zote mbili. Bodi ya pikapu imekaa juu ya mipira na inacheza, bampa limeshikwa na chesisi na halichezi, hivyo likibanwa sana litabonyeza madigadi kwenye shimo la kwanza.

Kaza kuanzia chesisi kwenda nje kwa spana yenye kipimo. Bolti za daraja 8.8, namba iliyoandikwa kichwani, zikazwe takriban Nm 80 kwa M12, 45 kwa M10 na 22 kwa M8, isipokuwa maelezo ya mtengenezaji yaseme vingine. Tundu lolote ulilotoboa lipakwe praima siku hiyohiyo. Taa mbili za wati 60 hula ampea 10: tumia rilei, fyuzi ya 15 na waya wa milimita mraba 2.5, usidandie waya wa taa kubwa. Bamba la namba lisifichwe na winchi, na mjulishe wakala wa bima kwa maandishi.

Chora mstari wa rangi kutoka kwenye kila nati hadi kwenye bati. Baada ya kilomita 500, na kila urudipo kutoka barabara yenye rasta, chungulia mistari hiyo. Uliokatika unaonyesha nati iliyolegea, nayo ikazwe kabla matundu hayajaanza kuliwa.