Walitutengenezea tovuti nzuri, kisha wakatunyang'anya jina letu

Kampuni yenyewe iko hapa hapa Mombasa na sitaitaja, lakini hasira niliyo nayo siwezi kuimeza.

Sisi ni shirika dogo la wazazi wa watoto wenye mtindio wa ubongo. Tovuti waliyotutengenezea ilikuwa safi kweli: Kiswahili fasaha, na hata kwenye simu ya bei rahisi ilifunguka upesi. Ningeandika wakati ule, ningewasifu.

Mwaka ukapita. Asubuhi moja tovuti haifunguki, na barua pepe za ofisi, zinazotumia domeini hiyo hiyo, yaani jina la anwani ya tovuti yetu, zimekatika, nasi tunangoja jibu la mfadhili! Nikapiga simu. Kijana akapokea huku akitafuna: "Mama, mnatusumbua. Lipeni mlichoandikiwa." Walichoandika ni maradufu ya bei ya mwanzo. Nikamwambia, basi tuachilieni jina letu tumtafute fundi mwingine. Akacheka. Alicheka! "Jina lenu? Hebu angalieni limesajiliwa kwa nani."

Tukaangalia kwenye rekodi za KeNIC, wanaosimamia majina ya tovuti yanayoishia na .ke. Ile domeini yetu ya .or.ke, ambayo imetengewa mashirika yasiyo ya faida kama letu, imeandikishwa kwa jina la kampuni ya biashara. Pesa ya kuilipia ilitoka mifukoni mwa akina mama wanaouza mahamri, na risiti ninayo.

Siku ile niliwaambia wenzangu wa kamati tuachane na tovuti kabisa. Wazazi wetu wa Likoni na Kisauni wako WhatsApp. Wakitaka habari ya kliniki wanauliza kwenye kundi. Ukurasa wa Facebook ni bure, unaweka picha ya mtoto aliyepata kiti cha magurudumu na nambari ya Paybill, na michango inaanza kuingia jioni hiyo hiyo. Mimi bado naona kikundi kinachoanza kinatosheka na hivyo.

Lakini mfadhili hatafuti hesabu za mwaka juzi kwenye Facebook. Chapisho likishapita limezama. Hata Google, wanaoyapa mashirika matangazo ya hadi dola 10,000 kwa mwezi bila malipo, hawakupi kama huna tovuti yako mwenyewe. Kwa hiyo hapana, siifuti tovuti kwa ajili ya kijana mmoja asiye na adabu. Nanyi wenye mashirika madogo, ichukueni tovuti, ila domeini iandikishwe kwa jina la shirika na barua pepe ambayo nyinyi wenyewe mnaifungua, na nywila akae nayo mweka hazina. Fundi akikataa hilo, ondokeni ofisini kwake hata kama kazi yake inang'aa.

Na kama wakubwa wa yule kijana wanasoma hapa: tunataka jina letu, pamoja na barua za wazazi zilizokwama humo. Baadhi yao waliandika kuomba dawa za kifafa.