Tamasha au maonyesho: kikundi cha Iringa kichague nini?

Mkipata nafasi Iringa Boma, jengo la Wajerumani lililogeuzwa makumbusho na kituo cha utamaduni mwaka 2016, ubishi wa kikundi cha sanaa ni uleule: tamasha la muziki au maonyesho ya kazi za mikono?

Tamasha hula fedha usiku mmoja: spika, jenereta, nauli za wanamuziki. Umeme ukikatika, mmekwisha. Ila mpiga ligombo (ala ya nyuzi) wa Kihehe hana shida hiyo, na kwangu ndiye raha yenyewe. Kiingilio mnapokea papo hapo.

Maonyesho ya picha na vikapu vya milulu (aina ya nyasi) ni nafuu, na mvua ya Januari haiyasumbui. Yanadai mlinzi wiki nzima, na mauzo ni bahati.

Mnaotafuta vijana na fedha za haraka, pigeni muziki. Wenye wasusi na subira, subirini kiangazi, watalii wa Hifadhi ya Ruaha wanapopita mjini.